Chupa za Mwaka wa Uhuru

Kijana wa watu alikuwa anaitikisa chupa. Naam, anaitikisa, kwa mikono miwili, huku mshereheshaji anapiga kelele kwenye kipaza sauti na watoto wanarukaruka wakisubiri povu liwaangukie. Ilikuwa sherehe ya mjukuu wa Naomi aliyemaliza chuo, ukumbi uko hapa hapa Lushoto mjini, na mimi nimekalishwa meza ya mbele na wazee wenzangu, nimevaa kitenge kipya kinachonibana mabega. Nilishika mkono wa Naomi. "Mwambie huyo mtoto aache," nikamwambia. Naye, bila hata kugeuka, "Mwambie mwenyewe, wewe ndiye mwenye mdomo." Kabla sijainuka, puu! Kizibo kikagonga dari, kinywaji kikamwagika sakafuni, nusu nzima ya chupa, na ukumbi ukapiga vigelegele. Nilifumba macho. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akisema nina hasira za bure. Hizi si za bure. Mtu aliyewahi kukaa na chupa moja mwaka mzima, akiigeuza kidogo kidogo kama anayemgeuza mtoto aliyelala, hawezi kuona inatikiswa hadharani akapiga makofi.

Naomi alikuwa anacheka, mabega yanatikisika. Tulikuwa hatujaonana tangu alipohamia Korogwe kwa mwanawe, na tazama, kitu cha kwanza kutukutanisha ni chupa. "Umekumbuka Shimoni," akasema. Nikamwambia Shimoni sijawahi kuisahau. Basi ngoja niiseme. Ya baba yangu na mama yangu na shamba letu la viazi nitayaacha, maana kila mtu wa milimani huku ana baba na mama na shamba la viazi. Nitasema ya mwaka mmoja tu, mwaka wa kumi wa Uhuru, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa nikifanya kazi kwa masista.

Misheni yenyewe ilikuwa ndogo, juu kidogo ya Gare, na chini ya kanisa lake masista wa zamani walichimba ndani ya mlima chumba kirefu, kuta za mawe, sakafu ya udongo ulioshindiliwa. Sisi wafanyakazi tulikiita Shimoni. Jua kali, mvua, kipupwe, mle ndani baridi ilikuwa ile ile, baridi ya kuvutia shuka. Kulikuwa na harufu ya mawe mabichi na mkate. Wageni waliuliza huo mkate unaokwa wapi, na hakukuwa na mkate wowote, ni hamira iliyokuwa ikilala ndani ya chupa. Upande wa kilima kinachotazama jua la asubuhi palikuwa na mizabibu, mistari mifupi iliyopandwa na masista wa kwanza, na zabibu zake nyingi zilikwenda kwenye divai ya misa. Lakini Sista Gaudensia, mama mmoja mrefu wa Ulaya mwenye magoti mabovu na sauti ya kuimbia, alikuwa na mapenzi yake mengine. Mwaka mavuno yakiwa mazuri kupita kiasi, alitenga divai ya mwaka huo peke yake, bila kuichanganya na ya mwaka mwingine, akaitia kwenye chupa nzito pamoja na sukari kidogo na hamira, akazifunga kwa vifuniko vya bati kama vya soda, akazilaza ubavu gizani. Hamira ikila sukari, hewa haina pa kutokea, inabaki ndani ya divai na kuwa mapovu. Hamira ikimaliza kula, inakufa, na machicha yake yanakaa na divai miaka na miaka yakiipa ladha. "Usiite shampeni," alikuwa akitukaripia. "Shampeni ni jina la kwao, mahali pao. Hii ni ya hapa."

Mwaka uliokuwa mzuri kuliko yote ulikuwa ule ule tuliopata Uhuru. Ukutani juu ya rafu Sista aliandika kwa chaki neno moja tu, UHURU, na chupa zile hazikuguswa. Mimi nilipoanza kazi zilikuwa na vumbi la kuandikia jina kwa kidole. Na ndiyo, niliandika jina langu kwenye moja, Sista akaliona, akacheka.

Naomi alikuwa Mlutheri, tena wa nyumba ya walokole, ambao hata chai wakiona imekaa sana kwenye birika wanaitilia shaka. Baba yake alimruhusu kuja kwa Wakatoliki kwa sharti alilolisema mbele yangu, sebuleni kwao, tukiwa tunakula makande: "Kazi ya kugeuza vyupa si dhambi, chupa ni kioo. Lakini siku nikisikia harufu kinywani mwako, usirudi hapa." Naomi akaitikia, "Ndiyo, baba." Na hakuonja tone, si mwaka ule, si miaka iliyofuata. Nilimtania mpaka nikachoka. Ila mikono yake! Mimi nilikuwa mvunja vikombe, nakiri, na kila mtu alijua. Naomi alishika kitu kikatulia.

Tuliisikia habari ya kung'olewa mizabibu kupitia tundu la jikoni, lile la kupitishia sahani kwenda chumba cha kulia cha masista. Tulikuwa tunamenya viazi. Mama Mkuu alikuwa ameingia mwaka ule, sista mweusi mwenzetu, mtu wa Kilimanjaro, mkavu wa maneno, aliyelijua jembe kuliko sisi sote. "Sista, taifa zima linalima chakula," tulimsikia. "Watu wanahamia vijijini, wanalima mahindi na maharage pamoja. Sisi tunalima ulevi?" Sista Gaudensia akasema si ulevi, ni kazi ya mikono, ni sala pia. "Haya. Na magoti yako yanakurudisha kwenu mwakani. Nani ataiangalia?" Kijiko kikagonga sahani. "Wasichana," akasema Sista. "Wasichana gani? Tekla anayevunja vikombe?" Naomi alinifunika mdomo na kiganja chenye maganda ya viazi, maana alinijua. Nilikuwa nishafungua mdomo nijibu kupitia tundu.

Nataka nieleweke hapa. Msichana wa kwetu wakati ule njia yake ilijulikana, ukimaliza darasa la saba na huna pa kwenda unasubiri kuposwa, na mimi posa ilikuwa imekwisha kuletwa, ya mwanamume mzuri tu wa Rangwi ambaye sikuwa na ugomvi naye. Lakini nilikuwa nimeonja kitu kingine. Nilikuwa nimeingia Shimoni asubuhi, nimewasha kandili, nimesimama mbele ya chupa ambazo mimi najua zinafanya nini na watu wengi hawajui. Niliitaka ile kazi. Niliitaka kwa uchu, iwe yangu, na watu waseme Shimoni kwa kina Tekla. Jioni ile nilimwambia Naomi, "Wakiing'oa mizabibu nitalala juu ya mashina." Akasema, "Watakung'oa na wewe."

Wiki chache baadaye kikaja kilichotuokoa, au cha kutumaliza, hatukujua. Wilaya ilikuwa inaandaa chakula cha mchana cha kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, Lushoto, kwenye hoteli ya zamani penye bustani ya waridi. Maduka hayakuwa na kitu, vinywaji vya nje havikuingia tena, na mtu mmoja wa wilayani akakumbuka kuwa masista wana chumba cha divai. Mama Mkuu alituita ofisini, Sista Gaudensia na sisi wawili. Tukamsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," hata Naomi na ulutheri wake. Akajibu, akatutazama kwa zamu. "Chupa za Uhuru zitatolewa siku hiyo," akasema. "Wasichana wataziandaa wenyewe, Sista atatazama. Zikitoka safi na watu wakazifurahia, mizabibu ibaki na kazi ni yenu. Zikitoka mbovu, tunang'oa tunapanda kabichi." Kisha akafanya jambo lililoniuma. Alichukua mkasi wa kupogolea mizabibu uliokuwa umetundikwa msumarini, akauweka kabatini mwake, akafunga. "Mti unaoweza kung'olewa haupogolewi," akasema. Kila siku tulipita kwenye mizabibu ile iliyoota nywele, tunatamani mkasi.

Kazi ikaanza. Chupa ikiwa imelala miaka yote ile, machicha yanatanda ubavuni mwake. Ukiifungua hivyo unamwaga tope. Kwa hiyo unaipachika kwenye ubao wenye matundu ulioegemezwa kama paa la nyumba, shingo mbele, na kila siku unaishika kitako, unaizungusha kidogo kwa mtikiso mfupi, unaiinua kitako kidogo, mpaka baada ya muda mrefu inasimama kichwa chini na machicha yote yamekusanyika shingoni, juu ya kifuniko. Kazi yote ni hiyo, na inatia wazimu. Kwa kuwa chupa nyingine hushindwa na hewa iliyomo zikapasuka, Sista alitutaka tufunike uso, na kwa kuwa vifaa hatukuwa navyo, tulijifunga nyusoni machekeche ya unga kwa kamba. Hebu fikiria, wasichana wawili na vichujio usoni, kimya, kri, kri, kri, chupa baada ya chupa. Naomi aliimba tenzi za kilutheri kwa sauti ndogo, na mimi nikaanza kugeuza kwa mapigo yake. Miezi ile nilijifunza kutovunja vitu. Ilinishangaza mwenyewe. Mikono ikiwa na kitu inachokipenda, inatulia.

Kwa kawaida mwisho wake ni huu: unaishika chupa ikiwa kichwa chini, unafyatua kifuniko huku unaiinua, machicha yanarushwa nje na hewa yake yenyewe, unajazia kidogo divai yenye sukari, unapiga kizibo cha gome na waya. Lakini vizibo vya gome vilitoka Ulaya, na Ulaya vilikuwa havitoki. Sista aliandika, akasubiri, akaandika tena, wapi! Akaamua tuzipeleke Lushoto vile vile, kichwa chini na vifuniko vyao vya bati, tuzifyatue palepale na kumimina palepale. Mama Mkuu na yeye wakatangulia mapema na lori la misheni, lililobeba mboga. Sisi tungefuata na chupa kwa miguu, kwa kuwa lori lingezikoroga, na mtikisiko mmoja mbaya ungerudisha yote nyuma. Akinamama wa misheni waliopeleka mboga sokoni tangu utoto wao walijitolea, tukapanga chupa kwenye matenga, shingo chini, katikati majani makavu ya migomba. Umewahi kuona mama wa kwetu na tenga kichwani anavyoteremka mlima? Kichwa hakicheki, miguu ndiyo inayofanya kazi. Ningempa mama kama huyo abebe sahani ya maziwa.

Tulitoka siku moja kabla ya sherehe, alfajiri imeshapambazuka, ukungu bado umekaa mabondeni. Tulikwenda vizuri mpaka zaidi ya nusu ya njia. Kisha mvua ya vuli, ile isiyobisha hodi. Tukakimbilia nyumba moja yenye baraza kubwa kando ya njia, nyumba ya bibi mmoja ambaye mimi nilimfahamu kwa sura tu, na kama ilivyo desturi, watu wa nyumba wakatoka wote kututua mizigo. Kwetu mtu mwenye mzigo haachwi asimame nao. Tukasema shikamoo, tukaitikiwa marahaba, tukaingizwa jikoni penye moto, tukapewa magimbi ya kuchemsha na chai ya tangawizi, na bibi hakutaka kusikia habari ya kuondoka mpaka nguo zikauke. Ilikuwa chai nzuri sana. Hiyo ndiyo iliyonikera baadaye, kwamba ilikuwa nzuri.

Mvua ilipokata tukatoka barazani. Bibi na wakwe zake walikuwa wamemaliza kazi. Walikuwa wamezitoa chupa kwenye matenga moja moja, wakazifuta matope na vumbi kwa kitambaa mpaka zikang'aa, na wakazirudisha zimesimama wima, zimepangwa kama wanafunzi kwenye mstari. Zote. Bibi alitabasamu kwa meno aliyokuwa nayo. "Wajukuu zangu, safari ilizipindua chupa zenu zote, zilikuwa kichwa chini. Nimewawekea vizuri."

Sasa mwambie nini mtu kama yule? Amekutua, amekulisha, amekukausha, amekufutia mizigo. Nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikasema, "Asante sana, bibi. Mungu akuzidishie." Akanibariki. Nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye kabichi nikalia mpaka kwikwi. Machicha yale ya miezi tuliyoyashusha shingoni tukiwa na vichujio usoni, yalikuwa yameporomoka yote. Kuyarudisha kungetaka wiki na wiki nyingine, na sherehe ilikuwa kesho.

Naomi alinikuta. Alikuwa na chupa moja mkononi, anaiinua kwenye mwanga. "Nyamaza, njoo uone," akasema. Sikutaka kuona. "Tekla! Nyanyua uso wako, tazama." Nikatazama. Machicha yalikuwa yanashuka. Hayakutanda kama tope, yalishuka chini haraka kama mchanga kwenye ndoo ya maji, kwa sababu ya kugeuzwa kote kule yalikuwa yameshikamana na kuwa mazito. Chini kwenye kitako kulikuwa na mchanga mweupe, na juu yake divai safi, rangi ya majani makavu, mapovu madogo yakipanda. "Kwenu mnamiminaje pombe ya miwa?" akaniuliza. "Maana sisi togwa tunaimimina kwa kuinamisha chungu mara moja, hatukirudishi mpaka vikombe vyote vimejaa. Ukikirudisha machicha yanapanda." Nikamwambia na sisi ni vile vile. Chungu hakitembei. Vikombe ndivyo vinavyokwenda kwenye chungu. Tukatazamana, na nikaanza kucheka na machozi usoni. Njia iliyobaki tulikwenda polepole, chupa wima, mimi mbele nikiwaambia akinamama, "Taratibu, mama zangu, taratibu," mpaka mmoja akanijibu kwa Kishambaa kwamba kama ni kumfundisha kubeba, nimsubiri kwanza azaliwe upya.

Sista Gaudensia tulipomweleza, kule jikoni hotelini, alikaa juu ya gunia la viazi. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya kuliko kugomba. "Haijawahi kunywewa hivyo," akasema. Mama Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia yote. "Sasa mtafanyaje?" akaniuliza mimi, si Sista. Nikamwambia tutaziweka kwenye maji ya mfereji wa mlimani hadi kesho, wima, mtu asiziguse, baridi ikaze mapovu ndani. Kesho Naomi atafungua, mimi nitamimina, chupa nzima kwa mwinamo mmoja. Na watu watakuja na bilauri zao mezani kwetu, kwa sababu tukizunguka nazo tutazitikisa. Mkuu wa wahudumu wa hoteli, Bwana Filemoni, mtu wa shati jeupe na glavu nyeupe, alishika kichwa. "Mkuu wa Wilaya apange foleni?" Mama Mkuu akasema, "Atapanga."

Basi siku ikafika. Bendera, gwaride la watoto wa shule, hotuba, jua la Lushoto lile la baada ya mvua linalofanya kila jani ling'are. Chakula kilikuwa pilau, nyama, kabichi ya misheni, viazi, na ndizi za kupika na nazi zilizoletwa na watu wa Mombo. Kisha tukatoka jikoni na matenga, tukasimama nyuma ya meza moja ndefu bustanini, Naomi kwa gauni lake la kanisani, mimi kwa la kuazima. Watu wakaambiwa waje na bilauri. Wakatazamana. Mkuu wa Wilaya, mtu wa kanda ya ziwa, mfupi, suti ya Kichina iliyofungwa mpaka shingoni, alikuja wa kwanza na akasimama mbele yangu bila kutabasamu. Nyuma yake wakajipanga wengine, mwalimu, mganga wa hospitali, balozi wa nyumba kumi, dereva, mkulima, wote mstari mmoja. "Ndugu," akaniambia, "nimeambiwa hiki ni kinywaji cha mabwana wakubwa wa Ulaya. Leo tunasherehekea kuondokana nao. Unanieleza nini?"

Nilimwona Sista Gaudensia kwa mbali, amejishika rozari. Nilikuwa na mdomo, Mungu alinipa, na siku ile ulinifaa. "Ndugu Mkuu wa Wilaya," nikasema, "zabibu hizi zimeota kwenye udongo wa kule juu ya Gare. Zilivunwa na mama zetu mwaka ule ule bendera ilipopanda. Tangu siku hiyo zimelala zikisubiri taifa lifikishe miaka kumi. Mimi na mwenzangu huyu tumezigeuza kwa mikono yetu, na jana akinamama wamezibeba kwa vichwa vyao. Hakuna mzungu aliyezibeba." Mtu mmoja nyuma akasema, "Sema, binti!" Naomi akashika chupa ya kwanza, ikitiririka maji baridi, akaipenyezea kifungulio polepole mno, mpaka ikatoa pumzi tu, fss, kama mtu anayeshusha mzigo. Haikumwagika hata tone. Nikaipokea, nikainamisha, nikamimina kwenye bilauri ya kwanza, ya Mkuu wa Wilaya mwenyewe. Halafu nikaibeba ile bilauri kwa mkono wangu wa kushoto, mbele ya watu wote, nikainywa mimi.

Bwana Filemoni alitoa sauti ambayo mpaka leo naisikia. Lakini kwetu anayetoa pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hapana kitu kibaya ndani yake. Sikufikiri. Mkono wangu mwingine bado umeinamisha chupa, haurudi nyuma, na divai ile ikapita kooni. Jamani! Ilikuwa baridi, kavu, na mapovu yake madogo madogo hayachomi, yanatekenya. Kwanza mkate unaotoka jikoni, kisha tufaha, kisha mwishoni kabisa asali ya msituni, ile nyeusi, na inakaa mdomoni haitaki kuondoka. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi. Nikamwambia, "Ni nzuri, ndugu. Nipe bilauri nyingine."

Mkuu wa Wilaya alimtazama Bwana Filemoni aliyekuwa anakuja mbio kuomba radhi, akamnyooshea kiganja asimame. "Mwache. Hata kwa bibi yangu mwenye pombe huonja kwanza. Huyu amelelewa." Nikamimina yake na ya mwalimu na ya dereva, mwinamo mmoja, mpaka mchanga ulipoanza kunyemelea shingo nikaiacha. Akanywa. Akanywa tena, na sasa akatabasamu kweli, akageukia mstari. "Ndugu wananchi! Kinywaji hiki kimepangiwa foleni, mkubwa na mdogo, na kimevunwa hapa. Kama huu si ujamaa sijui ni nini. Uhuru!" Wakaitikia "Na kazi!" bustani nzima, na akinamama wa matenga wakapiga vigelegele, na watu waliotaka kurudi mara ya pili tukawarudisha mwisho wa mstari bila kujali vyeo. Vibaki vyenye machicha vilikwenda jikoni, na wapishi wale walikuwa na furaha kuliko wageni. Sista Gaudensia alipofika zamu yake, na alipanga mstari kama wengine, alionja, akafumba macho, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwaka wa Uhuru. Ndiyo wenyewe." Akanibusu paji la uso mbele za watu.

Mama Mkuu alikuja wa mwisho kabisa. Alikunywa kidogo sana, kama dawa. Sikuweza kusoma kitu usoni mwake, hakuwa mtu wa kusomeka. Akaweka bilauri mezani, akafungua mfuko wake mweusi wa mkononi, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa, akakiweka mbele yetu kati ya chupa tupu. Ulikuwa ule mkasi. Alikuwa ametoka nao misheni, kabla ya mvua, kabla ya bibi na kitambaa chake, kabla ya yote. "Kesho mkapogoe," akasema, "imeota vibaya." Naomi alilia siku ile, yeye asiyelia. Mimi nilipiga kelele ambayo watu wa Lushoto waliizungumza muda mrefu. Na yule mwanamume wa Rangwi, ndiyo, nilimwoa, au alinioa, lakini baadaye sana, na kwa sharti kwamba Shimoni ni kwangu.

Basi turudi ukumbini. Kijana wa watu alikuwa ameshika chupa ya pili, anajiandaa kuitikisa. Safari hii niliinuka, kitenge na mabega yake. Nikamwambia, "Mwanangu, lete hapa," na kwa sababu amelelewa, alileta kwa mikono miwili. Tukaiweka kwenye ndoo ya barafu tukamsubirisha mshereheshaji. Kisha Naomi, na vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi, alilegeza ule waya, akakishika kizibo, akaizungusha chupa, siyo kizibo, kama Sista alivyotufundisha, na ikatoa pumzi ile ile, fss. Nikamimina, nikaonja mimi kwanza. Haikuwa Mwaka wa Uhuru, lakini ilikuwa hai. Nikamsogezea Naomi bilauri, kumtania tu, kama nilivyofanya miaka yote.

Akaisukuma kwa kidole. Baba yake amekufa zamani, hakuna wa kumnusa kinywa, na bado. Akavuta kiti chake karibu na changu, akanipa sikio lake lile linalosikia vizuri.

"Wewe niambie tu ilivyo," akasema. "Anzia kwenye mkate."